Viti Visivyokaliwa

Voi,
14 Januari 2025

Mpendwa Moureen,

Assalaam alaikum, na najua utajibu "na wewe pia" kama kawaida yako.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako inashika mtandao ukipanda tu kwenye lile jiwe nyuma ya kanisa, na sitaki uvunjike mguu kwa ajili yangu. Halafu unanijua. Kwenye simu mimi husema "mm" na "ndiyo" mpaka salio linaisha. Mwandawiro, yule wa pikapu ya kabichi, amekubali kubeba barua zetu kila akishuka kuja soko la Voi. Amesema tu zisiwe nzito kuliko kabichi.

Mama ameondoka. Dada Ruweida amejifungua huko Malindi, na si mtoto mmoja, ni pacha! Mama alipanga kumlea mpaka arobaini kisha arudi, lakini kwa pacha, na shemeji yuko safarini, hatujui tena atarudi lini. Nyumba ameniachia mimi. Baba yuko dukani tangu asubuhi mpaka Magharibi, kwa hivyo tumebaki mimi na mdogo wangu Swabra, yule ambaye hana meno ya mbele.

Ulipokuja kwetu likizo uliiona nyumba ya mama. Uliona vile vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, vinavyosimama kwenye makochi kama maua. Uliona vikombe vya maua vilivyo kabatini, ambavyo tangu nizaliwe sijaviona vikinywewa chai. Mtaa mzima unaisifu nyumba hii. Nimejiwekea nia kwamba mama akirudi asikute hata uzi mmoja umehama mahali pake.

Si rahisi. Vumbi jekundu la hapa unalijua, ukifuta meza ukigeuka liko tena. Nafuta asubuhi, nafuta mchana, nafuta baba anapokaribia kurudi. Makochi simruhusu mtu kuyakalia mpaka mama aje. Swabra nimempa kigoda nyuma ya jikoni. Siku hizi akitoka shule anapita moja kwa moja kwa jirani yetu Mama Kilonzo, anakula huko, na hilo limenipunguzia kazi. Mahamri yangu bado hayafuri yote. Yanayokataa kufura nampa Mama Kilonzo awape kuku wake kabla baba hajayaona.

Nimechoka kidogo lakini nyumba inang'aa. Niambie habari za huko kwenu Mwanda, mlimani.

Wako,
Nasiha


Mwanda,
17 Januari 2025

Nasiha wangu,

Na wewe pia!

Barua yako imefika ikinuka kitunguu. Niliisoma jikoni kwa bibi huku kuku mmoja amelala miguuni pangu. Ndiyo, jikoni. Humu mwetu kuku ana haki zake.

Mimi nami nimekuwa mama wa nyumba bila kuombwa. Bibi mgongo unamuuma, akasema, "Moureen, shule umemaliza, jiko ndilo hilo." Jumatatu nilipika kimanga. Bibi hukiponda mpaka muhogo na maharagwe vinakuwa kitu kimoja. Changu kilikuwa na mabonge, na chini kimeungua. Mjomba Josphat akakitazama akaniuliza, "Hiki ni cha kula ama ni mawe ya msingi?" Nikataka kulia. Halafu akala sahani mbili, akakwangua mpaka ile iliyoungua, akasema msingi wa nyumba yake sasa uko imara. Bibi alicheka mpaka leso ikamwanguka kichwani.

Nilidhani nitachukia kazi hii, lakini wacha nikuambie ukweli, naipenda. Napenda asubuhi moshi ukitoka na bibi akiniitia chai akiwa bado kitandani. Nyumba yetu haing'ai, hata dirisha moja limezibwa kwa kadibodi.

Sasa swali. Swabra anakula kwa jirani kwa nini? Umesema umepunguziwa kazi. Mimi nilidhani Swabra ndiye kazi yenyewe.

Na wewe, kuwapa kuku mahamri! Yasiyofura nitumie mimi. Mwandawiro asiyale njiani.

Moureen


Voi,
20 Januari 2025

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo mama.

Barua hii baba ameiweka kwenye kifurushi cha nguo za pacha. Sisi sote hatujambo. Nyumba iko kama ulivyoiacha. Maji ya mfereji yalikatika lakini nilikuwa nimejaza mapipa yote. Swabra anakula vizuri na hanisumbui hata kidogo. Mahamri yanafura.

Usiwe na wasiwasi wowote. Kila kitu kiko mahali pake.

Msalimie dada, na unibusie pacha.

Mwanao,
Nasiha


Voi,
24 Januari 2025

Mpendwa Moureen,

Nimeharibikiwa.

Jana alikuja Shangazi Mwanamvita. Huyu ni dada mkubwa wa baba, anaishi Taveta, ananunua mahindi na maharagwe ya Njukini na kuyauza. Sauti yake imezoea kupigia kelele malori. Hakusema kama anakuja. Nilikuwa nimepiga magoti napiga deki, nikaona viatu vyake mlangoni.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza, hata kabla hajakaa.

"Kwa jirani, shangazi."

"Anafanya nini kwa jirani?"

"Anakula."

"Anakula nini?"

Moureen, sikujua. Nilisimama na tambara mkononi, sikujua.

Akatazama sebule polepole, kochi baada ya kochi. Akauliza Swabra hukaa wapi. Nikampeleka nyuma ya jikoni nikamwonyesha kigoda. Nilimtengea chai akainywa amesimama. Baba aliporudi, wakaongea mlangoni. Shangazi hajui kunong'ona, kwa hivyo nilisikia yote.

"Badawy, nitarudi Jumapili ya wiki ijayo. Nikikuta mambo ni haya haya, mtoto naenda naye Taveta mpaka mamake arudi. Shule ziko kule pia."

Baba akatazama chini akasema, "Sawa, dada."

Swabra aende Taveta! Nitamwambia nini mama, ambaye nimemwandikia kwamba kila kitu kiko mahali pake? Na huku mimi na Swabra tunalala chumba kimoja tangu azaliwe. Hupenda kuniuliza maswali gizani mpaka usingizi umkatishe katikati ya neno.

Nimefikiri sana ni kitu gani kilichomkasirisha shangazi. Nadhani nimekiona. Vitambaa vimelegea. Mama huvitia wanga wa muhogo vikasimama, na tangu aondoke vimeinama. Kimoja hata kilikuwa kimekaa upande. Lazima alikiona. Nina wiki moja. Nitafua vyote.

Niombee, kwa njia yako.

Nasiha


Mwanda,
27 Januari 2025

Nasiha,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikamsomea bibi. Sasa nisikilize, na usininunie.

Shangazi yako hakuuliza habari ya vitambaa hata mara moja. Rudi usome ulichoandika wewe mwenyewe. Mtoto yuko wapi, anakula nini, anakaa wapi. Nasiha, huyo mama hakuja kukagua makochi! Bibi amesema, "Huyo msichana anamfagia mtoto pamoja na vumbi." Halafu amesema nisikuandikie hivyo maana utalia. Nimeandika.

Achana na vitambaa. Mwite Swabra jikoni, mpe donge la unga alikande, hata akitengeneza nyoka. Mle pamoja. Mkalie hayo makochi. Shangazi akija akute makombo.

Mwandawiro anasema gari lake linalia vibaya lakini atashuka kesho.

Rafiki yako hata ukininunia,
Moureen


Voi,
31 Januari 2025

Mpendwa Moureen,

Sijapata barua yako. Pale sokoni wanasema pikapu ya Mwandawiro imekufa giaboksi na iko kwa fundi. Naandika hii nikae nayo mpaka apone, yaani gari lipone.

Habari njema. Vitambaa vimesimama kuliko alivyovisimamisha mama! Niliona kwenye simu ya baba mwanamke mmoja akieleza kwamba ukitaka kitambaa kisimame kabisa, usitumie wanga, tumia maji mazito ya sukari. Unachemsha, unachovya, unavuta kila ncha, unaanika kivulini. Nimefanya hivyo kwa vyote. Ukikigonga kwa kucha kinalia kama bati. Kwenye kila kochi kiko kimoja mgongoni na viwili mikononi, na kile kikubwa nimekitandika juu ya meza. Hata baba alisimama mlangoni akasema, "Mashaallah," kisha akaenda kunywa chai yake uani. Siku hizi hunywea uani.

Juzi Swabra alinyoosha kidole akitaka kugusa kitambaa, nikampigia kelele. Mimi, ambaye walimu walikuwa wakisema, "Nasiha, paza sauti." Alirudisha mkono akauficha nyuma ya mgongo. Hakulia. Ni afadhali angelia.

Usiku huo hakuniuliza swali lolote.

Lakini ni mpaka Jumapili tu. Shangazi akishaona, nitamwacha Swabra aguse anachotaka.

Nasiha


Voi,
4 Februari 2025

Moureen, Moureen, Moureen,

Giaboksi imepona. Mwandawiro ameniletea barua yako leo, siku mbili baada ya mambo yote kutokea. Nimeisoma nikiwa nimekalia kochi. Ndiyo, umesoma vizuri. Ngoja nikueleze.

Jumapili nilivaa lile dera langu la kijani. Nilipanga vikombe vya maua kwenye sinia. Swabra nilimvika gauni la Idi nikamwambia asimame kando ya mlango. Shangazi akaingia, akakaa kochi la katikati, akaweka mkoba wake juu ya kile kitambaa cha mkononi. Nilitaka kumwambia aushushe lakini wapi, sauti haikutoka.

"Swabra, mwanangu," akasema, "njoo ukae hapa karibu yangu."

Swabra akatikisa kichwa. "Hairuhusiwi."

"Nani amekataza?"

Swabra akageuka. Akanitazama mimi. Alinitazama kama mtu anayeomba ruhusa ya kutaja jina.

Shangazi akashusha pumzi. "Basi, nikuulize. Unataka kuja na mimi Taveta?"

Swabra akafikiri. Unajua anavyofikiri, ulimi unatoka kwenye lile pengo la meno. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Kwako shangazi, watu hukalia viti?"

Nilikuwa nimeshika sinia, nikaliweka chini. Si kwamba alikuwa akinisemea vibaya. Alikuwa anataka tu kujua. Hapo ndipo nikayasikia maswali yote ya shangazi ya siku ile, nikayasikia vizuri, kabla hata barua yako haijafika.

Nikasema, "Shangazi, usimchukue." Nilisema kwa sauti! Baba aligeuka kuangalia ni nani amesema. Nikaendelea, "Kosa si lake. Mimi nilitaka mama akute nyumba... nilitaka kila kitu..." Shangazi akafungua kinywa kunijibu.

Akajikuna shingo.

Kisha akajikuna mkono. Kisha akaruka! Moureen, mama mzima yule, akaruka kutoka kochini akipiga kelele, "Auzubillahi! Nini hiki kinanila?"

Sisimizi. Wale wekundu wadogo wanaouma. Walikuwa wametoka dirishani, wakashuka ukutani, wakapanda mgongo wa kochi, mstari mmoja mrefu ulionyooka kama umepigwa rula, mpaka kwenye vitambaa vyangu vya sukari. Kile cha katikati hakikuwa cheupe tena. Kilikuwa kinatembea. Wengine walikuwa wameshaingia kwenye mkoba wa shangazi, na wengine ndani ya buibui.

"Badawy, usisimame kama nguzo, niletee maji!"

"Maji yamekatika, dada."

"Basi niletee ufagio unipige nao!"

Baba akaleta ufagio kweli. Akasimama nao, hajui aanzie wapi kumpiga dada yake mkubwa. Na hapo Swabra akacheka. Kicheko kile cha tumbo, mpaka akaketi sakafuni na gauni lake la Idi. Sikuwa nimekisikia tangu mama aondoke, na wala sikuwa nimegundua kwamba sikisikii. Baba akafuata. Mimi nikafuata huku machozi yananitoka. Shangazi akatutazama sote, buibui iko begani, akasema, "Chekeni tu. Nimealikwa chai, kumbe mimi ndiyo kitafunwa," akacheka yeye kutushinda wote.

Tulitoa makochi yote nje tukayapiga na fimbo. Vumbi lililotoka humo, Moureen! Mimi nafuta juu kila siku kumbe ndani kuna shamba zima. Mama Kilonzo aliposikia kelele akaja na mtungi wa maji, akachukua vitambaa akavitumbukiza kwenye beseni lake akisema, "Sukari yote hii, ungenipa mimi." Nikamuuliza, taratibu, Swabra hula nini kwake. Akaniambia anapenda muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kwamba huwa anabakiza kidogo pembeni mwa sahani akisema ni ya Da Nasiha.

Nikaingia ndani kuchukua mkeka.

Tukatandika mkeka uani. Mahamri yalikuwa hayajakatwa, kwa hivyo shangazi akampa Swabra donge lake la unga. Alikata nyoka na kitu alichosema ni tembo. Tulikaanga yote. Nyoka hakufura. Tembo alifura upande mmoja, akawa kama anayeumwa jino. Baba akasema anamtaka tembo. Akala ameketi, miguu ameinyoosha, na mchuzi wa mbaazi kwenye kanzu.

Shangazi alipokuwa anaondoka nilimweleza habari ya vitambaa, kisha nikamuuliza kama bado anaenda na Swabra. Alikuwa akikung'uta mkoba.

"Wewe mtoto," akasema, "kwangu gunia la maharagwe liko sebuleni na nalitumia kama kiti. Ningekujaje kukagua vitambaa? Nilikuja kumwangalia mtoto, nikakuta yuko kwa watu. Leo nimemkuta yuko kwao." Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini nitarudi kabla ya Ramadhani. Nikikuta nyumba inang'aa, nawachukua nyote wawili."

Mwambie bibi yako kwamba nililia kidogo tu, na si kwa sababu ya barua.

Nasiha

Swabra anauliza: je, kuku wa jikoni ana jina?


Mwanda,
6 Februari 2025

Nasiha wangu,

Mjomba Josphat amenilazimisha kusoma pale pa ufagio mara tatu. Bibi anamtaka shangazi yako awe rafiki yake.

Kuku hana jina. Swabra ampe.

Nashuka Jumamosi na Mwandawiro. Naleta viazi vitamu na kimanga nilichopika mwenyewe, kina mabonge machache sasa. Nitakalia kochi la katikati, na chai nataka kwenye kikombe cha maua. Nimekitamani tangu ile likizo.

Moureen


Voi,
10 Februari 2025

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo mama.

Ile barua yangu ya kwanza naomba usiitunze. Mahamri hayakuwa yakifura. Swabra hakuwa akinisumbua kwa sababu hakuwa akikaa nyumbani. Najua shangazi amekupigia na amekueleza habari za sisimizi, maana nilisikia baba akiitika simu na wewe ukicheka mpaka pacha wakaamka.

Sasa ngoja nikwambie nyumba ilivyo. Vitambaa viko kabatini vimekunjwa, vinakungoja wewe na muhogo wako. Kwenye kochi la dirishani kuna doa la mbaazi ambalo halitoki. Baba hunywa chai sebuleni na husahau gazeti chini. Swabra akitoka shule tunapika pamoja. Unga hufika mpaka kwenye nywele zake na mimi nauacha mpaka wakati wa kuoga. Nafagia mara moja, asubuhi. Vumbi likirudi, linatukuta tumekaa.

Sikujua mama kwamba kazi hii ina raha. Jana mvua ndogo ilinyesha, tukafungua milango yote miwili, nikachambua mchicha huku Swabra akiniuliza maswali na baba akijibu badala yangu, anajibu uongo mtupu. Hakuna kitu kilichokuwa mahali pake. Nilitamani ungekuwepo.

Usiku maswali yamerudi. La jana lilikuwa kama pacha huota ndoto moja au mbili. Alilala kabla sijajibu.

Jumamosi alikuja Moureen, yule rafiki yangu wa Mwanda. Tulifungua kabati, tukatoa vile vikombe vya maua, tukavinywea chai sisi sote, na Mama Kilonzo, na Mwandawiro wa kabichi ambaye alikuwa anashusha viazi tu. Moureen alieleza habari ya kuku wa bibi yake, ambaye Swabra amempa jina la Shangazi, na nikacheka vibaya.

Kwa hivyo mama, kikombe kimoja kimevunjika. Ni mimi niliyekivunja, na kilikuwa na chai.

Mwanao,
Nasiha

MAMA KULIKUWA NA TEMBO NA BABA AMEMLA. SWABRA.